Mtoto Wenu Anakaa na Nani?



Kuna ugomvi unaozuka katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni mtoto anapoleta ripoti mbaya kutoka shuleni. Baba, aliyerudi mwisho wa mwezi kutoka Nairobi au Mombasa, huitazama ile karatasi kisha humwambia mke wake: "Karo nalipa mimi. Wewe unamfanyia nini huyu mtoto?" Mama naye hujibu: "Na wewe umemwona lini?" Kuanzia hapo mtoto amesahauliwa, na wanaohukumiana ni wazazi. Mtoto mwenyewe yuko nyuma ya mlango, anasikia kwamba yeye ndiye aliyeleta vita nyumbani.

Katika somo hili tunawaomba mume na mke muache swali la "nani amemharibu mtoto" na mwulizane jingine lenye faida zaidi: Mtoto wetu anakaa wapi, anakaa na nani, na anafanya nini? Swali hili limetokana na kazi ya miaka mingi ya wataalamu waliowachunguza watoto wa nchi mbalimbali, na wengi wa watoto hao walikuwa wa hapa hapa Kenya.

WALIOKUJA KUTAZAMA WATOTO

Beatrice Whiting (1914–2003) na John Whiting (1908–1999) walikuwa mume na mke, Wamarekani, walimu wa Chuo Kikuu cha Harvard. Maisha yao ya kazi yalitumika kuchunguza jambo moja kubwa: jinsi watu na mazingira yanayomzunguka mtoto yanavyomfanya awe alivyo. Katika miaka ya 1950 waliongoza uchunguzi katika jamii sita: Mexico, Ufilipino, Okinawa, India, Marekani, na hapa Kenya katika kijiji cha Nyansongo, nchi ya Wagusii. Watoto 134 wenye umri wa miaka 3 hadi 11 walitazamwa wakiwa katika shughuli zao za kila siku. Mtazamaji aliandika alichofanya mtoto kwa muda wa dakika 5, na aliyekuwa naye, kisha akarudi siku nyingine na nyingine tena. Matokeo yalitolewa kitabuni mwaka 1975.

Kuanzia mwaka 1966 Beatrice na John walikuja wenyewe Kenya, wakaanzisha kituo cha kuchunguza makuzi ya watoto kilichohusiana na chuo kikuu cha Nairobi, na wakafanya kazi hasa katika kijiji cha Ngecha, Kiambu. Baadaye, kati ya mwaka 1972 na 1975, wana ndoa wengine, Sara Harkness na Charles Super, waliishi Kokwet, katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1986 hao wawili waliandika kwamba makuzi ya mtoto yana kama kiota chenye sehemu tatu: mahali anapoishi na watu waliopo, desturi za kumlea, na mawazo ya wale wanaomlea. Sehemu moja ikiyumba, kiota chote huyumba.

WALIONA NINI?

Kwanza, waliona nguvu ya wenzi wa mtoto. Mtoto yule yule, akiachiwa kitoto kichanga, huwa mpole na mwenye kutunza. Akiwa na wa rika lake, hucheza, hushindana na hugombana. Akiwa na watu wazima, huomba msaada na hutaka kuangaliwa. Basi lile alifanyalo mara nyingi kwa sababu ya watu alio nao ndilo linalogeuka kuwa tabia yake. Kwa hiyo Beatrice Whiting alifikia neno ambalo kila mzazi anafaa kulitafakari: uwezo mkubwa wa wazazi hauko katika makaripio. Uko katika kuamua mtoto atakaa mahali gani, na watu gani, akifanya kazi gani. Wahenga wetu walikwisha kuliona hili waliposema kwamba ukikaa karibu na waridi utanukia.

Pili, waliona nguvu ya kazi. Watoto wa Nyansongo, pamoja na wale wa Mexico na Ufilipino, walipewa kazi za kweli za nyumbani, na walionyesha zaidi moyo wa kusaidia na kuwajibika. Watoto wa ule mji wa Marekani, ambao kazi zao zilikuwa chache, walielekea zaidi kutaka kuangaliwa na kusaidiwa wao. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtoto anayechunga mbuzi anajua kwamba akizubaa wataingia katika kunde za jirani, na jioni nyumba nzima itajua. Kazi hiyo humfundisha kwamba wengine wanamtegemea.

Mtafiti mwingine, Carol Ember, alitoa mwaka 1973 matokeo ya uchunguzi wake katika jamii moja ya Waluo. Katika nyumba zisizokuwa na msichana mkubwa, mama aliwapa wavulana kazi zilizohesabiwa kuwa za wasichana, kama vile kuchota maji, kukusanya kuni, kupika na kulea mtoto. Wavulana hao walionekana kuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao, hata wakati ambao hawakuwa katika kazi hizo. Enyi akina baba mnaosema kwamba mvulana haingii jikoni, lipimeni jambo hili.

Tatu, waliona kwamba mtoto huendelea katika lile analozoezwa. Huko Kokwet, Charles Super aliona watoto wachanga wakikaa na kutembea karibu mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Wengi walidhani ni maumbile tu. Yeye alikuta kwamba akina mama wa Kokwet waliwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, siku baada ya siku. Katika kutambaa, ambako hawakuwazoeza, watoto hao hawakuwa mbele.

Nne, waliona nguvu ya mazungumzo. Kati ya mwaka 1984 na 1986 watafiti, akiwamo Marian Sigman, walifuatilia familia za Embu, ng'ambo ya Mto Tana kutoka Mwingi. Watoto wadogo waliozungumzishwa mara kwa mara, na waliojibiwa walipotoa sauti, walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili wakiwa na miezi 30. Kuzungumza na mtoto hakuuzwi dukani. Mama aliye shambani na jembe mkononi anaweza kulifanya.

Watafiti hao hao waliikuta njaa ya mwaka 1984, ile ambayo watu wa Ukambani waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa na pesa mkononi, kwa maana chakula cha kununua hakikuwapo. Huko Embu watoto wadogo kabisa walilindwa. Ila watoto wa shule walipungukiwa chakula, na usikivu wao darasani ukashuka. Basi tusimwite mtoto mvivu kabla ya kujua kama amekula.

ASIYEJUA KITABU SI MJINGA

Hapa tuongeze neno kwa mzazi ambaye mtoto wake hafanyi vizuri darasani. Mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake, akiwamo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walieleza uchunguzi wao wa watoto 85 wa umri wa miaka 12 hadi 15 katika nchi ya Waluo. Waliwapima ujuzi wa dawa za mitishamba, na pia wakawapa majaribio yanayofanana na ya shule. Waliozijua zaidi dawa walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati.

Je, watoto hao walikuwa wajinga? Hasha! Walijifunza kile ambacho nyumba zao zilikithamini na kuwapa muda wa kukijua. Vivyo hivyo mtoto wa Mutomo anayejua kila mbuzi kwa alama yake, na anayejua mahali pa kufukua mchanga wa mto mkavu apate maji, ana akili. Kama mnataka awe na ujuzi wa kitabu pia, hapana budi nyumba impe kitabu mahali pake: kiti, mwanga, saa moja isiyoingiliwa, na mtu wa kumwuliza amesoma nini leo.

HALI YA KWETU KITUI NA MAKUENI

Zamani nyumba ya Mkamba ilikuwa na mahali pa kila mtoto. Palikuwa na thome, pale kwenye moto wa nje ambapo wanaume walikaa jioni na wavulana wakasikiliza maneno ya watu wazima. Palikuwa na jiko la mama, na palikuwa na susu na hadithi zake na vitendawili. Kazi kubwa zilifanywa kwa mwethya, na watoto waliwaona wakubwa wakisaidiana. Hakuna aliyeandika mpango huu kwenye karatasi, lakini ulikuwa mpango.

Leo thome nyingi zimezimika. Baba yuko Nairobi, Athi River au Mombasa kutafuta riziki. Mama anaamka saa kumi na moja afuate maji, kisha aende sokoni au shambani. Susu amezeeka na wajukuu ni wengi. Lakini nafasi ya thome haikubaki tupu. Mvulana wa Emali, Makindu au Mtito Andei amepata moto mwingine wa kuota: steji ya bodaboda, madereva wa malori ya barabara ya Mombasa, ukumbi wa video, wauza muguka. Msichana amepata simu. Mahali hapo pana walimu wake na masomo yake, na hapatozi karo.

Kuna nafasi moja ambayo hatupaswi kuipoteza. Tangu mwaka 2023 sekondari ya msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, imewekwa katika shule za msingi. Watoto wengi wa miaka 12 hadi 15, ambao zamani wengine wao wangekuwa bwenini, sasa hulala nyumbani. Tumerudishiwa watoto wetu jioni. Tutawaweka wapi?

MAMA KANISA ANATUAMBIA NINI?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu malezi ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Papa Yohane Paulo II alikumbusha mwaka 1981, katika Familiaris Consortio, kwamba haki na wajibu huo hauwezi kuachiwa mtu mwingine kabisa. Mwalimu na katekista ni wasaidizi wetu.

Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, sura ya saba, aliwataka wazazi wafikiri ni nani anayewaburudisha watoto wao, ni nani anayeingia vyumbani mwao kwa njia ya televisheni na vyombo vingine, na muda wao wa mapumziko wanautumia na nani. Lakini papo hapo akaonya kwamba wasiwasi wa kumfuata mtoto kila hatua si malezi. Swali lililo kubwa zaidi, alifundisha, ni moyo wa mtoto umefika wapi, na kama sisi tunataka kujua kweli. Hivyo kupanga mahali pa mtoto ni mwanzo tu. Kumjua ndilo lengo.

Mwana wa Mungu mwenyewe alikulia Nazareti, katika nyumba ya fundi seremala, akiwatii Maria na Yosefu. Kwa miaka mingi alikuwa na mahali, alikuwa na watu, na alikuwa na kazi.

FANYENI HIVI

Chagueni jioni moja, watoto wakiwa wamelala. Kama baba yuko mbali, ingojeni siku ya kurudi kwake. Jambo hili halifai kufanywa kwa simu. Chukueni karatasi ya daftari na kuigawa sehemu tatu: MAHALI, WATU, KAZI. Mchukueni mtoto mmoja tu, muandike siku yake tangu anapoamka hadi anapolala. Msiandike mnavyotaka iwe. Andikeni ilivyo.

Tuseme ni kijana wa miaka 13 karibu na Wote. Anatoka shule saa kumi, anaingia nyumbani saa moja ya usiku. Hizo ni saa 3 kila siku, saa 15 kwa siku tano za shule. Jumamosi anakaa sokoni saa 8. Jumla ni saa 23 kwa wiki pamoja na vijana wa steji. Na baba? Simu ya dakika 5 siku ya Jumapili, inayohusu alama na karo. Mkiona hesabu hiyo, hamtahitaji mganga wa kuwaambia kwa nini kijana anaongea kama watu wa steji.

Sasa msibadilishe kila kitu kwa siku moja. Badilisheni saa chache, kwa kukubaliana:

1. Mpeni kazi moja iliyo yake kweli, ambayo asipoifanya nyumba itajua. Inaweza kuwa mbuzi, kuku, punda wa maji, au bustani ya sukuma. Msiifanye kazi hiyo kwa niaba yake, na akiifanya vizuri mshukuruni mbele ya wengine.

2. Mpeni mtu mzima mmoja wa kukaa naye. Kama baba hayupo, zungumzeni na mjomba, baba wa ubatizo, au fundi mwaminifu wa jirani. Mchagueni pamoja, mtu ambaye wote wawili mnamwamini, na mfuatilie.

3. Baba aliye mbali abadilishe simu yake. Azungumze na mtoto kwa jina lake, amwulize habari ya mbuzi na ya rafiki zake kabla ya kuuliza alama. Akirudi, asilale mchana kutwa wala asiende sokoni peke yake. Kabla ya mvua za Oktoba, aende na mtoto kukarabati fanya juu za shamba. Maneno mengi ambayo mtoto hawezi kuyasema mezani huyasema akiwa na koleo mkononi.

4. Gawanyeni mzigo wa nyumba kati ya wavulana na wasichana. Kazi humkuza mtoto, lakini ikizidi humwibia masomo na usingizi. Msichana anayebeba maji, kuni, mtoto na sufuria, huku kaka yake amekaa, halelewi kwa haki, wala huyo kaka halelewi.

5. Wekeni saa moja ya jioni ambayo redio, televisheni na simu za wote, hata ya baba, zimenyamaza. Iwe saa ya kitabu, ya chakula, ya mazungumzo, na mwisho sala ya familia.

MAONYO MACHACHE

Karatasi hii isigeuzwe kuwa silaha. Mume asiseme, "Umeona jinsi ulivyomwacha?" wala mke asiseme, "Ulikuwa wapi?" Mahali pa mtoto hupangwa na wawili. Hata aliyekaa kimya amepanga, maana alimwachia mwenzake mzigo wote.

Pia tusiwahukumu wanaofanya kazi mbali. Kama mvua imekosekana Kyuso miaka miwili mfululizo na kazi iko Mombasa, baba anakwenda, na kwenda huko ni kupenda. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kuondoka wazazi wote wawili wajue nani atakaa na mtoto jioni.

Tena, mazingira hayaamui kila kitu. Watoto wa tumbo moja hutofautiana, kila mmoja ana hiari yake, na neema ya Mungu hufika hata stejini. Mzazi aliyejitahidi na mtoto akapotea asijitie hatiani bila sababu; aendelee kuomba na kuacha mlango wazi. Lakini yule ambaye bado ana mtoto wa miaka 8 au 13 nyumbani, asingoje. Samaki mkunje angali mbichi.

MASWALI YA KUJADILIANA

Jadilianeni ninyi wawili kwanza, kisha, mkipenda, katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Wiki iliyopita, ni mtu gani mzima aliyekaa na mtoto wetu kwa muda mrefu zaidi? Je, tungependa awe kama mtu huyo?

2. Ni kazi gani ya nyumbani ambayo mtoto wetu anajua kwamba tunamtegemea yeye?

3. Ni mara ngapi tumelaumiana mbele ya watoto kwa ajili ya masomo yao? Tutafanyaje ili jambo hilo likome?

4. Ninyi wa Jimbo la Kitui, na ninyi wa Jimbo la Wote lililozaliwa mwaka 2023 kutoka Machakos: Je, jumuiya yetu inaweza kuwasha thome mpya kwa vijana wetu, hata jioni moja tu kwa wiki? Nani atakaa nao?

SALA

Ee Bwana, ulituaminia watoto hawa wawe wako kabla ya kuwa wetu. Utupe macho ya kuona wanapokaa, masikio ya kusikia wasiyoyasema, na umoja wa mume na mke katika kuwachagulia yaliyo mema. Uwalinde walio mbali nasi jioni ya leo, na utukusanye sote nyumbani kwako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.